Mtoto wa Temeke acheze tenisi kwa kibali cha nani? Hoja yangu ya kituo cha tenisi cha umma Dar

MwokotaMipira (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Niliingia kwenye viwanja vya tenisi mara ya kwanza mwaka 1994 nikiwa darasa la tano, na sikuingilia mlango wa mbele. Nilikuwa mwokota mipira kwenye klabu moja ya mjini. Jina silitaji, waliokuwa wakubwa pale enzi hizo wengine wameshatangulia mbele za haki. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wanachama wanakuja saa kumi jioni, wewe unachuchumaa pembeni ya nguzo ya wavu, mpira ukigonga wavu unachomoka kuufuata, ukiruka fensi nawe unaruka mtaro. Wakimaliza wanakupa chochote. Siku nzuri ni nauli na chapati mbili. Siku mbaya ni "dogo, kesho".

Kucheza tulijifunzia ukutani. Nyuma ya chumba cha jenereta palikuwa na ukuta wa zege, na mtu wa zamani, sijui ni nani, alikuwa ameuchora mstari mweupe kwenye kimo cha wavu. Wanachama wakihamia baa, sisi watano tunatoka na raketi moja iliyokatika nyuzi mbili, tunapokezana. Sheria ilikuwa moja: unapiga mpaka ukosee, ukikosea unamwachia mwenzako. Mpira umekwisha manyoya, upara mtupu, ukigonga zege unalia kama kofi. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, akishika ile raketi mnaweza kwenda kuchota maji mkarudi bado anapiga. Mkono kama ule sijauona tena Dar mpaka leo. Alipofika kidato cha pili uongozi wa klabu ukabadilika, pakabandikwa karatasi getini kwamba wanaoingia ni wanachama na wageni wa wanachama tu. Waokota mipira tukapunguzwa, wakabaki wawili. Yeye akaangukia kwenye mitumba pale Karume. Tunawasiliana. Akifungua robota akakuta raketi, ananipigia mimi kwanza kabla hajamtajia mteja bei.

Sasa mniambie. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa huu wa Dar es Salaam. Watoto wenye mkono hatujakosa. Makocha hatujakosa pia, wengi ninaowafahamu walianza kama mimi, kwa kuokota. Tulichokosa ni geti ambalo mtoto wa Temeke au wa Manzese analipita bila kuwa mgeni wa mtu. Wenye klabu siwalaumu, wanalipa ada zao, mlango ni wao. Ila jiji nalo liwe na mlango wake.

Najua mtaanza na ardhi, kwa hiyo nianze nayo mimi. Kiwanja cha tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97. Ukiongeza nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni unahitaji kama mita 36.6 kwa 18.3, ambazo ni mita za mraba 670. Uwanja wa soka wa kimataifa, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140 na hapo hujaweka jukwaa hata la benchi moja. Maana yake eneo la uwanja mmoja wa mpira linameza viwanja 8 vya tenisi na bado unabaki na kipande cha vyoo, stoo na ukuta. Ekari mbili. Jiji hili haliwezi kukosa ekari mbili, tunaona zinavyopatikana pale anapotaka mtu wa kituo cha mafuta.

Na msidhani viwanja 8 ni watu 16 wenye kaptula nyeupe. Watu wazima wakicheza wanne wanne ni watu 32 kwa mkupuo. Kwa watoto hesabu inabadilika kabisa. Shirikisho la tenisi duniani lina mfumo wa mipira laini: mwekundu, wa machungwa, na wa kijani. Mpira mwekundu unachezewa kwenye kiwanja kidogo cha urefu wa mita 11 hivi, na kiwanja kimoja cha kawaida ukikigawa kwa upana unapata vidogo vinne. Watoto 16 wanapiga kwa wakati mmoja pale ambapo sasa hivi wanaonekana mabwana wawili wanaotafutana jasho. Tangu 2012 sheria ya mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini inakataza kabisa ule mpira wa njano wa kawaida. Mtoto wa miaka saba ukimpa mpira wa njano unamrukia juu ya kichwa, anachoka, anarudi kucheza rede.

Halafu ile kauli ya "tenisi ni mchezo wa wakubwa". Kila mwisho wa Agosti mnaangalia US Open kwenye televisheni. Pale ni ndani ya bustani ya umma ya jiji la New York, Flushing Meadows, kitongoji cha Queens ambacho si cha matajiri. Mashindano yalihamia pale 1978. Uwanja mkubwa unaingiza watu zaidi ya 23,000. Mashindano yakiisha, mkazi wa Queens anakodi kiwanja kwa saa anacheza na jirani yake. Kile kituo kimepewa jina la Billie Jean King, binti wa askari wa zimamoto aliyefundishwa bure kwenye viwanja vya umma vya Long Beach, California. Venus na Serena Williams wamekulia viwanja vya umma vya Compton, tena mtaa wa kukimbia risasi. Kwa hiyo huko tunakoiga kaptula nyeupe, mabingwa wenyewe wametokea kwenye geti la jiji.

Ninachopendekeza: eneo la viwanja vya michezo Temeke, kuzunguka Uwanja wa Mkapa na Uhuru. Ni ardhi ya umma tayari, ni ya michezo tayari, njia ya mwendokasi ya Mbagala inapita Barabara ya Kilwa, na watoto wapo. Viwanja 8, ukuta mrefu wa kupigia wenye pande mbili, vyoo, stoo ya raketi za kuazima. Asubuhi saa 12 mpaka saa 3 watu wazima walipie. Mchana ni shule. Saa 9 mpaka saa 12 jioni watoto bure. Taa zikiwashwa mpaka saa 4 usiku watu wazima walipie zaidi. Uanachama usiwepo. Ukishaleta uanachama umeleta kamati, ukileta kamati umeleta ile karatasi ya getini.

Naomba kuwasilisha.

Jogoo la Tandale

Mkuu nimeona neno kiwanja nikajua kinauzwa. Nimesoma gazeti lote natafuta bei na hati, hola.

MwokotaMipira

Haha pole sana. Dar ukisema kiwanja watu wanatoa futi.

Kiduku Original

Kwa heshima zote mkuu, umeandika vizuri ila umekosea nchi. Darasa la mwanangu lina watoto mia na ushee, wanakaa wanne dawati moja, walimu wawili. Wewe unataka raketi. Tenisi yenyewe ukimuuliza mtu wa Buza atakwambia ni jina la viatu. Kwanza tumalize dawati, maji, zahanati, halafu tutakuja kwenye mambo ya fohendi, hayo mapigo yenu ya raketi.

MwokotaMipira

Kiduku, hoja ya dawati siipingi na wala siombi senti ya dawati. Ila hiyo foleni ya "kwanza hiki halafu kile" nimeanza kuisikia tangu nipo darasa la tano. Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa 2007, watu 60,000, na madawati yalikuwa hayatoshi. Sasa hivi tunajiandaa na AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, Arusha kunajengwa uwanja wa watu 30,000, na ni sawa kabisa, mimi mwenyewe nitakuwepo na vuvuzela. Nikitazama nawaona watu 60,000 wamekaa na 22 wanakimbia. Naulizia sehemu ambayo wanaokimbia ni wengi kuliko waliokaa. Hata isiwe tenisi, wewe pendekeza mchezo wowote, lakini uwe na geti wazi.

Hiyo ya jina la viatu nimekubali, ni kweli tupu.

Kiduku Original

Hapo kwenye waliokaa na wanaokimbia umenigusa kidogo. Ila bado.

MamaWawili

Jamani nami nichangie, mimi si mtu wa michezo. Kaka mwenye uzi, umepanga saa 9 hadi saa 12 jioni watoto bure, umewauliza akina mama? Wangu wanatoka shule saa 9 na nusu, wakifika nyumbani wanakula, saa 10 wako madrasa, wanatoka saa 11 na nusu. Kwa ratiba yako watacheza dakika ishirini halafu adhana ya magharibi. Huku Temeke watoto wengi ndiyo maisha yao hayo. Weka Alhamisi na Ijumaa, madrasa nyingi zinafunga, na Jumamosi asubuhi kuanzia saa 1 jua halijawa kali. Hapo utawapata.

La pili ni watoto wa kike. Binti yangu ana miaka 11. Simpeleki mahali ambapo choo hakina komeo, na simpeleki mahali ambapo kocha ni mwanamume peke yake na kiwanja kimezungukwa na michongoma huoni ndani. Fensi iwe ya waya, mtu akipita barabarani aone kila kitu. Awepo na mwanamke anayefundisha, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Na asije mtu kumwambia avue ushungi. Hayo yakiwepo namleta mwenyewe kwa mguu.

MwokotaMipira

Dada yangu, umenipiga mpira wa uso na nimeupokea. Nilipanga ratiba kwa kukumbuka utoto wangu, na mimi nilikuwa mtoro wa madrasa, marehemu bibi alijua. Nabadilisha: Alhamisi, Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi zote ni za watoto, watu wazima hawagusi. Fensi ya waya ni lazima. Ushungi na suruali ndefu hazizuii mpira kudunda.

Injinia wa Kata

Nimejenga viwanja viwili vya tenisi vya watu binafsi, niongezee upande wa kazi kwa sababu hapa ndipo pesa za umma huwa zinazama.

Kwanza mwelekeo. Kiwanja kinalazwa kaskazini kwenda kusini. Nimewahi kuitwa kurekebisha kimoja kilicholazwa mashariki magharibi ili kiendane na ukuta wa jirani, saa 11 jioni mchezaji wa upande mmoja akirusha mpira kupiga sevu, lile pigo la kuanzisha mchezo, anaona jua tu. Kile hakirekebishiki, unavunja.

Pili maji. Kiwanja kigumu hakiwi tambarare kama meza, kinapewa mteremko wa asilimia 1 hivi, wote kuelekea upande mmoja, ili masika ikipiga maji yakimbie yenyewe. Mtu akikuletea mchoro wenye mteremko unaokutana katikati kwenye wavu, mfukuze. Kinachoua viwanja vya Dar ni maji yaliyotuama chini ya lami, jua linasingiziwa tu. Mfereji wa pembeni ndio uanze kabla ya rangi kuchaguliwa.

Tatu, udongo wa tenisi mwekundu ni mzuri kwa magoti lakini unataka kumwagiwa maji kila siku na kusawazishwa. Kwa kituo cha umma chenye mita ya maji ya DAWASA, sahau. Zege au lami yenye rangi ya akriliki. Na karibu na bahari nguzo za fensi zipakwe zinki, chumvi inatafuna chuma mpaka unakivunja kwa mkono.

Kuna mtu atasema tuweke Jangwani. Najua mradi wa bonde la Msimbazi upo, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na mpango una bustani ya jiji ndani yake. Bustani ndiyo, nyasi na miti inavumilia mafuriko. Kiwanja cha lami hakivumilii. Depo ya mwendokasi iliyojengwa pale sote tuliiona imesimama kwenye maji.

Jogoo la Tandale

Nilikuwa nataka kusema Jangwani. Nimefuta.

Mlimani 88

Mwenye uzi, mimi hofu yangu haipo kwenye kujenga. Kujenga tunajua sana. Nilisoma chuo kimoja, sitakitaja, kilikuwa na viwanja vya tenisi vizuri tu. Mwaka wangu wa kwanza wavu upo. Mwaka wa pili wavu una tundu linalopitisha mbuzi. Mwaka wa tatu hakuna wavu, na siku moja tumekwenda kwa mtumishi mmoja kufuata fomu tukaukuta umefunika banda la kuku. Kuku walikuwa salama sana, wavu wa tenisi mwewe hapiti. Viwanja vikawa sehemu ya kujifunzia gari.

Na hiki chako kitapita njia hiyohiyo. Mwaka wa kwanza kitazinduliwa kwa ngoma. Mwaka wa pili kona moja atapewa mtu wa chipsi. Mwaka wa tatu ni ukumbi wa wazi wa harusi, viti vya plastiki na maturubai, kwa sababu harusi inalipa kwa usiku mmoja kuliko watoto bure mwaka mzima. Maeneo ya wazi ya jiji hili yameishaje? Nani atalinda?

MwokotaMipira

Mlimani, hili swali ndilo nililolala nalo. Nikujibu kwa kisa cha kweli.

Arthur Ashe alizaliwa 1943 Richmond, jimbo la Virginia, wakati wa ubaguzi. Baba yake alikuwa msimamizi wa bustani ya michezo ya watu weusi, Brook Field, na kazi ile ilikuja na nyumba ndani ya bustani yenyewe. Mtoto akiamka asubuhi akifungua mlango viwanja vya tenisi viko hapo nje. Baba ndiye anayefagia, anayefunga wavu, anayejua nani kavunja nini. Yule mtoto akachukua US Open 1968 na Wimbledon 1975. Na mwaka 1971 alipopita Yaoundé, Kameruni, akamwona mtoto wa miaka 11 anayeitwa Yannick Noah, akapiga simu Ufaransa kumwombea nafasi. Noah akachukua Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, 1983.

Wengi wakisimulia hiki kisa wanaanzia kwenye kombe. Mimi huanzia kwenye nyumba ya msimamizi. Kituo chetu kiwe na mtu anayelala palepale, na familia yake, analipwa mshahara na hana ruhusa ya kukodisha hata kivuli cha mti. Mtu ambaye wavu ukitoboka Jumatatu mkewe anamuuliza Jumanne. Hapa tunaajiri kampuni ya ulinzi inayobadilisha askari kila mwezi, askari hajui hata wavu ulikuwa na rangi gani.

Kuhusu harusi, iandikwe kwenye hati ya kituo, siyo kwenye barua ya mkurugenzi. Mkurugenzi anahamishwa.

Mlimani 88

Nyumba ya msimamizi sikuifikiria. Lakini nikukumbushe na upande wa pili wa kisa chako: Richmond ilikuwa na viwanja vya umma vizuri zaidi, vya Byrd Park, na Ashe alifukuzwa pale kwa sababu ya rangi. Vilikuwa vya umma hivyohivyo. Kibao cha "mali ya umma" hakifungui geti peke yake.

MwokotaMipira

Kweli kabisa. Hapa kwetu rangi imebadilishwa ikawa "umevaa nini" na "umekuja na nani".

Smashi ya Masaki

Mimi nacheza padel, ndugu yake tenisi, huku Masaki na sijutii. Viwanja vya padel vinaota Dar kama uyoga na hakuna aliyeandika barua kwa jiji. Mwekezaji kaona soko kaweka. Mita 20 kwa 10, ukuta wa kioo, unaingia na wenzako watatu mnagawana gharama, mnatoka. Tenisi ni ngumu kujifunza na inakula ardhi. Kwa nini tusiache soko lifanye kazi yake? Wewe mwenye uzi ungekuwa na biashara nzuri tu ya kufundisha.

MwokotaMipira

Mkuu, biashara hiyo ninayo, ndiyo inayonilisha. Nafundisha watoto wa watu kama wewe na nashukuru. Padel ni mchezo mzuri na mtu akijifunza kwa wiki mbili anajiona bingwa Nadal, ndiyo raha yake. Ila nikuulize: kile kioo mtoto wa Tandika anakipita vipi? Soko limefanya kazi yake, limewafikia wenye uwezo wa kulipa, pale ndipo soko linapoishia. Nami nikikaa kimya nitaendelea kufundisha fohendi kwa watoto wanaoletwa na dereva, wengi wao wakifika kidato cha nne wanaacha, huku wenye njaa ya mchezo wako upande wa pili wa fensi wanatuokotea mipira.

Smashi ya Masaki

Sina jibu la hilo. Raketi za zamani ninazo tatu, moja imepasuka. Nitume wapi?

KisaniiWest

Salamu kutoka Nairobi. Nimefuata huu mjadala kimya kimya, wacha nichangie. Sisi huku tuko na Angella Okutoyi, amezaliwa 2004, amelelewa na nyanya yake, yaani bibi yake, pamoja na pacha wake. 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana chipukizi, wachezaji wawili wawili, akiwa na msichana wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kushinda taji la chipukizi kwenye mashindano hayo makubwa. Halafu akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra, Machi 2024. Siku ile ya Wimbledon kila mtu Nairobi alikuwa mtaalamu wa tenisi, hata makanga wa matatu.

Lakini msidanganyike kwamba tumewashinda. Huku pia tenisi nyingi iko ndani ya klabu za zamani za wakoloni, na ukifika getini askari anauliza unaona nani. Angella alisaidiwa na watu na programu za chipukizi hadi akaenda kambi ya mazoezi Morocco. Mmoja anapita, kwa bahati na kwa bidii ya nyanya. Paul Wekesa alifika nambari 100 duniani mwaka 1995, na tangu hapo upande wa wanaume bado tunangoja. Bahati si mpango.

Kivulini wa Kololo

Kampala hapa. Lugogo kuna viwanja vya tenisi ndani ya eneo la Baraza la Michezo la Taifa, ni mali ya umma, na wachezaji wengi wa Uganda wamepitia pale. Si pazuri sana, lakini ukifika huulizwi baba yako ni nani. Kigali nao 2024 wameleta mashindano ya kulipwa ya wanaume, Challenger, pale Kicukiro, wiki mbili mfululizo. Dar mna bahari tu.

Jogoo la Tandale

Huyu wa Kololo atolewe kwenye uzi.

MwokotaMipira

Muacheni, kasema kweli. Na tusijidharau sana, mfano hata Dar upo. Kidongo Chekundu pale, mwaka 2015 ilifunguliwa bustani ya michezo ya vijana yenye jina la Kikwete, kwa ushirikiano wa kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Soka, kikapu, katikati ya mji, hatua chache kutoka Kariakoo. Kwa hiyo ukimwendea ofisa wa jiji huombi kitu ambacho hajawahi kukiona.

Kiduku Original

Nimerudi. Nimefikiria tangu jana. Mkuu, hicho kituo chako cha viwanja 8 hata wakikubali leo, zabuni, mshauri, upembuzi, ni miaka mitano. Mwanangu atakuwa kamaliza. Huna kitu kidogo? Kitu ambacho shule ya huku Buza inaweza kuwa nacho mwakani bila kumsubiri waziri?

MwokotaMipira

Ukuta.

Nakwambia kweli. Ukuta mmoja na sakafu mbele yake. Tulitoka watano kwenye ukuta mmoja na raketi moja, na wawili tunaishi kwa tenisi mpaka leo. Ukuta hauhitaji wavu, hauibiwi, haufuniki kuku. Watoto wanne wanaweza kuupiga kwa zamu, na hata wasiocheza tenisi wataupiga kwa mpira wa miguu. Kituo kikubwa naendelea kukidai, barua ya kata imeshaandikwa na nitaipeleka. Ila kwenye shule yako tuanze na huo.

Fundi Tandika

Nimeona ukuta nikaingia, kazi yangu hiyo. Urefu na kimo ngapi?

MwokotaMipira

Urefu mita 12, kimo mita 3. Chini ya hapo mipira yote inaishia kwa jirani.

Fundi Tandika

Mita za mraba 36. Tofali za inchi 6 zinakaa kama 10 kwa mita ya mraba, ni 360, wewe nunua 400 maana gari likifika huku barabara yetu unaijua. Nguzo za nondo kila mita 3, kwa hiyo tano, na mkanda juu, la sivyo watoto wakipiga miaka miwili unalala. Msingi uchimbwe vizuri, ukuta uliosimama peke yake una adui mmoja, upepo. Lipu upande wa kupigia iwe laini, ikiwa na vinundu mpira utakuwa unakwenda unakotaka wenyewe. Sakafu je?

MwokotaMipira

Zege, mita 12 kwa 8, unene inchi 4, na mteremko wa Injinia, kwenda mbali na ukuta.

Fundi Tandika

Inakaribia mita za ujazo 10 za zege. Hapo ndipo pesa ilipo, ukuta wenyewe ni mdogo. Mimi ufundi natoa bure Jumapili mbili, vibarua mtawalipa nyinyi. Huyo wa Buza aongee na mwalimu mkuu aniambie nije kupima lini.

Kiduku Original

Jumatatu saa 2 asubuhi naenda shuleni. Namba nimekutumia pembeni fundi.

Fundi Tandika

Sawa. Na ule mstari wa wavu niuchore kimo gani? Nimesoma mahali sentimita 107.

MwokotaMipira

107 ni kwenye nguzo. Katikati ni 91. Wachoree 91.